Damu ya Lamu inakumbuka mwaka 2004

Oktoba 2004, homa ilipokwisha kupita, watafiti waliingia nyumba za mji wa Lamu kuomba damu. Waliyoyakuta yakaandikwa katika majarida ya tiba: asilimia 75 ya waliopimwa walikuwa na kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) za chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Watatu katika kila wanne. Ilikadiriwa kwamba watu wapatao 13,500 kisiwani waliambukizwa katika mlipuko ule mmoja. Virusi havikuishia hapa. Vilishuka hadi Mombasa mwishoni mwa mwaka, vikavuka kwenda Komoro mwaka 2005, vikaingia kisiwa cha Réunion ambako takriban theluthi ya wakazi waliugua, na mwaka 2006 vikaenea India, ambako wagonjwa walipita milioni moja.

Walioumwa hapa hawajasahau. Kaa barazani na watu wa makamo, utasikia habari za magoti yaliyokataa kukunjika wakati wa sala na vidole vilivyoshindwa kufunga kifungo, wiki nyingi baada ya homa kuondoka. Lakini ile asilimia 75 ina habari ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Kingamwili walizozipata watafiti ni ushahidi kwamba miili ya watu hawa ilijifunza kitu ikakihifadhi. Mtu yule yule akiumwa tena na mbu mwenye virusi vile vile, mwili wake hautaanza safari upya. Unamjua mgeni, na unajua la kumfanya.

Sasa pita sokoni, mbele ya Ngome. Kwenye meza za dawa za asili kuna chupa ndogo za plastiki: asali iliyochanganywa na habasoda, maji ya muarobaini, unga wa mlonge. Kila moja imebandikwa karatasi iliyochapishwa kwa kompyuta, na maneno ni yale yale: “Huongeza kinga ya mwili.” Mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye mafua huuliza, “Babu, hii yamfaa mwanangu? Haachi kuugua.” Naye muuzaji hujibu kwa upole, “Yamfaa, mwanangu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kinga yake itapanda.” Mazungumzo haya husikika kila siku, na sina ugomvi na mzee anayetafuta riziki wala na mama anayemhangaikia mtoto wake. Asali na habasoda ni chakula chetu tangu jadi. (Ila asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake haujaweza kuvizuia.) Ugomvi wangu ni na ile fikra iliyomo kwenye karatasi: kwamba kinga ni nguvu, ina kiwango, na kiwango hicho hupandishwa kwa kijiko.

Ninaloshikilia ni kwamba sehemu kubwa ya kinga ya mwanadamu ni ujuzi. Mwili hushinda maradhi mengi kwa kuyatambua mapema, na hushindwa kwa kuchelewa kuyatambua. Tukilielewa hili, pesa zetu na hofu zetu zitaelekea kwingine.

Tuanze na sehemu ya kinga ambayo haihitaji kujifunza, maana ipo, tena ni hodari. Mfano wake uko mikokoni. Mkata boriti akiingia kwenye tope wakati maji yametoka, adui yake mkubwa ni chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko. Makali yao hupasua hata unyayo uliokomaa. Ngozi ndiyo ngome ya kwanza, na ikishapasuka, vijidudu vya topeni vinaingia. Katika dakika chache chembe zilizomo ndani ya nyama ya mguu huhisi kwamba kuna kitu kisicho cha mwili. Humwaga kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu, na kwa hiyo mguu unakuwa mwekundu, unapata moto, unavimba na kuuma. Watu wengi huona hayo yote ni maradhi. Ni kazi ya kinga. Mishipa imetanuka ili chembe nyeupe zitoke kwenye damu na kuingia panapohitajika.

Za kwanza kufika ni nyutrofili. Uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 za chembe hizi kila siku, na maisha yake ni mafupi sana. Hufika kwenye jeraha, humeza bakteria, huwaua kwa kemikali, nazo hufa hapo hapo. Usaha unaokamuliwa siku ya tatu kwa kiasi kikubwa ni mizoga yao. Kisha mkata boriti anahisi kitu kinenani, kigumu, kinauma akikibonyeza. Anasema ametoka mtoki. Bibi zetu huukanda kwa maji moto, na hakuna ubaya. Lakini ule mtoki ni tezi ya limfu, na imevimba kwa sababu humo ndani kuna kazi kubwa: chembe zilizobeba vipande vya bakteria kutoka unyayoni zimefika kuvionyesha kwa chembe nyingine, zile zenye uwezo wa kujifunza. Mtoki ni mahali ambapo mwili unasomeshwa. (Usaha ukizidi, mstari mwekundu ukipanda mguuni au homa ikishika, hapo ni hospitali, tena upesi.)

Aliyeiona kazi ya chembe hizi kwa mara ya kwanza alikuwa mtu wa pwani kwa wakati ule, ingawa si pwani yetu. Mwaka 1882 mwanasayansi Mrusi, Ilya Metchnikoff, akikaa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua kichanga cha kiti cha pweza (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota), kiumbe mwangavu unayeweza kuona ndani yake kwa hadubini, akamchoma miiba ya mti wa waridi. Asubuhi iliyofuata alikuta chembe zimeuzunguka mwiba pande zote. Kiti cha pweza hakina damu wala uboho kama wetu, na bado kina walinzi. Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich, aliyekuwa akichunguza upande mwingine wa jambo hilo hilo, yaani kingamwili.

Upande huo wa pili ndio unaonistaajabisha kila ninapousoma. Itawezekanaje mwili uwe na silaha ya kirusi ambacho haujawahi kukutana nacho, ambacho pengine hakijakuwapo duniani? Fikiria mshona kofia wa Lamu ambaye hangoji mteja. Anashona kofia za kila kipimo na kila umbo, mamilioni kwa mamilioni, nyingi hazitavaliwa na mtu yeyote maisha yake yote. Siku akitokea mteja mwenye kichwa ambacho hajawahi kukiona, kofia yake iko tayari rafuni, na kuanzia hapo fundi anaacha mengine yote na kushona kofia ile ile moja, usiku na mchana. Seli B na seli T, zile chembe nyeupe zenye uwezo wa kujifunza, hufanya hivyo. Kila moja, inapokua, huchanganya upya vipande vya jeni zake na kupata kipokezi chenye umbo lake pekee. Mjapani Susumu Tonegawa ndiye aliyeonyesha jinsi vipande vya jeni vinavyopangwa upya ili kuunda kingamwili, na kwa hilo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Seli ambazo umbo lake lingeshika mwili wenyewe, nyingi huondolewa mapema, ndani ya uboho na ndani ya tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua.

Tatizo liko kwenye muda. Seli inayofaa inapokutana na kirusi chake ni moja kati ya nyingi mno. Lazima izaane mpaka ziwe maelfu kwa maelfu, nyingine zianze kumwaga kingamwili kwenye damu, nyingine ziende kuua seli zilizokwisha kuingiliwa. Kazi hiyo, ikiwa ni mara ya kwanza, huchukua wiki moja hadi mbili. Virusi navyo havingoji. Mgonjwa anaumwa, na katika maradhi mengine anakufa, ndani ya pengo hilo la siku kumi. Mara nyingi anayezidiwa na maradhi mageni hakukosa kinga. Kinga yake ilichelewa. Na hakuna kijiko cha kitu chochote kinachoweza kumtambulisha kwenye damu ya mtoto adui ambaye damu hiyo haijamwona.

Mara ya pili mambo ni mengine. Baada ya ugonjwa kuisha, sehemu ya zile seli hubaki, hai, kwa miaka. Kirusi kikirudi, jibu huja kwa siku chache au hata saa, na mtu asijue kwamba aliingiliwa. Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka visiwani. Mwaka 1846 surua ilivamia Visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya kaskazini, na serikali ya Denmark ikamtuma daktari kijana, Peter Panum. Kati ya wakazi wapatao 7,800, takriban 6,000 waliugua. Surua ilikuwa imefika visiwani humo mara ya mwisho mwaka 1781. Panum alitembea kijiji kwa kijiji akahesabu, na akaona kwamba wazee walioumwa 1781 na ambao bado walikuwa hai hakuumwa hata mmoja wao. Miaka 65 ilikuwa imepita. Hakuna aliyewapa dawa, hakuna aliyewakumbusha. Na mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichunguza damu ya watu walioishi wakati wa homa kuu ya mafua ya 1918. Walikuwa na umri wa miaka 91 hadi 101, na bado walikuwa na seli zinazotengeneza kingamwili za kirusi kile.

Turudi Lamu. Kama Panum angekuwa nasi, angeuliza swali moja: nani hakuwepo 2004? Jibu linatisha kidogo. Kumbukumbu ya kinga hairithiwi. Mama humpa mtoto kingamwili kupitia kondo, na humwongezea nyingine kwenye maziwa, hasa dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza ambayo wengine bado wanayakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu. Yasimwagwe. Lakini zile za kwenye kondo humlinda mtoto kwa miezi tu, na seli zenye kumbukumbu hazivuki. Kila aliyezaliwa hapa baada ya mlipuko ule ana damu isiyojua chikungunya, na wakubwa wao sasa wana vitambulisho vya taifa. Kisiwa kinasahau kupitia watoto wake. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, ila haimo katika ratiba ya chanjo za watoto wetu, kwa hiyo kwa sasa tunachoweza ni kumzuia mbu.

Mbu huyo, Aedes aegypti, anaishi na sisi. Hataki kinamasi. Anataka maji safi yaliyotulia, ndani au karibu na nyumba, na huuma mchana. Mwaka 2004 ulikuwa wa ukame, watu waliweka maji kwenye kila chombo na hawakuyabadilisha mara kwa mara, na watafiti waliofuatilia mlipuko ule wameuhusisha na hali hiyo. Waliojenga nyumba zetu za mawe walilijua tatizo la mbu kwa njia yao. Kwenye birika la maji la msalani walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini ya birika wakaweka bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Leo maji yako kwenye madumu, mapipa na matangi ya plastiki, na samaki hayumo. Mfuniko wa tangi unaokaa sawasawa unazuia maradhi kuliko chupa yoyote ya pale sokoni, na ninalisema hili kwa uzito wake wote.

Sasa niseme jambo ambalo wanaotetea chanjo wengine hulipita haraka. Kumbukumbu inaweza kumponza mwenye nayo. Mfano uko Malindi. Mwaka 1982 homa ya denge iliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, Malindi na Kilifi, na kirusi kilichopatikana kilikuwa aina ya pili. Denge ina aina nne, na huenezwa na mbu huyo huyo wa chikungunya. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo. Akija kupata aina nyingine miaka ya baadaye, kingamwili za zamani zinaweza kukishika kirusi kipya bila kukiua, na badala ya kukizuia zikakisaidia kuingia ndani ya chembe nyeupe. Ndiyo maana denge kali, ile ya kutoka damu na shinikizo la damu kuanguka, huonekana zaidi kwa walioambukizwa mara ya pili. Kwa vile chikungunya haina mgawanyiko wa namna hiyo, damu ya Lamu imetulia kwa upande wake. Damu ya Malindi haina uhakika huo.

Yaliwahi kutokea pia kwa chanjo. Ufilipino ilianza mwaka 2016 kuwachanja wanafunzi dhidi ya denge, na zaidi ya watoto 800,000 walidungwa. Mwishoni mwa 2017 mtengenezaji mwenyewe alitangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua denge, chanjo ile ingeweza kufanya ugonjwa wa baadaye uwe mkali zaidi, na mpango ukasimamishwa. Waliofuata walijifunza, na baada ya hapo ikashauriwa kwamba chanjo ile isitolewe bila kujua kama mtu aliwahi kuambukizwa. Mimi naiamini chanjo, na kwa sababu hiyo naona ni lazima habari hii isemwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mzazi atakayeisikia kwanza kwa mtu anayetaka kumtisha hatatuamini tena. Na kwa wakazi wa Malindi wanaopata homa kali, maumivu nyuma ya macho, na kipimo cha malaria kikaonyesha hakuna kitu: waulizie denge, wanywe maji kwa wingi, watumie parasetamo, waepuke aspirini na ibuprofeni, maana hizo huzidisha hatari ya kutoka damu.

Malaria nayo ina ujanja wake. Kila kimelea kina jeni takriban 60 za kubadilisha sura ya kitu ambacho kimelea hukibandika juu ya chembe nyekundu ya damu. Kinga ikijifunza sura moja, kimelea kinavaa nyingine. Kwa hiyo mtoto wa Magarini anayeumwa na mbu mwaka hadi mwaka hujenga kinga polepole. Kwanza dhidi ya kifo, baadaye dhidi ya homa, na hata akiwa mtu mzima huweza kubeba vimelea bila kujua. Akihamia Nairobi na kukaa miaka, kinga ile hufifia, na akirudi nyumbani kwa likizo anaanguka kama mgeni. Chanjo ya R21, ambayo Kilifi ilikuwa moja ya vituo vya majaribio yake, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Inamfunza mtoto kumtambua mdudu wa malaria mapema, kabla hajaingia kwenye ini. Haimpi kinga kamili, na neti bado inahitajika.

Nirudi kwenye karatasi iliyobandikwa chupa. Tuchukulie kwamba kweli kingekuwepo kitu cha kupandisha kinga yote ya mwili kwa pamoja. Je, tungekitaka? Mtu ambaye midomo inavimba na pumzi inabana kila akila kamba hana upungufu wa kinga. Kinga yake imemchukua kamba kuwa adui. Pumu ya watoto wengi hutokana na kinga kupambana na vumbi au manyoya. Katika kisukari cha aina ya kwanza, seli T huziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na mtoto hutegemea sindano maisha yake yote. Wakati wa korona, wagonjwa wengi mahututi walikuwa wakiuawa na kinga yao wenyewe iliyovuka mpaka ndani ya mapafu. Juni 2020 majaribio makubwa ya Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo inayopunguza kinga, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Siku zile sote tulikuwa tukitumiana simuni orodha za tangawizi, ndimu na vitunguu saumu vya kuongeza kinga.

Kinga inaweza kudhoofika kweli, na njia zinajulikana: utapiamlo, virusi vya ukimwi visivyotibiwa, kisukari kisichodhibitiwa, moshi wa sigara, kukosa usingizi. Aliye na upungufu wa lishe hahitaji unga wa chupa wa bei ya samaki wa siku mbili. Anahitaji wale samaki. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki kila miezi sita ni ya bure.

Na kumbukumbu inaweza kufutwa. Surua, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni ugonjwa wa kila mtoto, huingia ndani ya zile seli zenye kumbukumbu na kuziua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, ulionyesha kwamba baada ya surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto anapona vipele, halafu anabaki hajui tena nimonia wala kuhara alikokwisha kukushinda zamani. Wazazi wanaosema “aliugua surua akapona, kisha akaanza kuuguaugua” wanasema kweli, na sasa tunajua kwa nini. Chanjo ya surua haileti hasara hiyo.

Ubora wa chanjo kwa ujumla ni kwamba inaupa mwili lile somo bila kuulipisha karo ya ugonjwa. Mfano ulio karibu na Lamu ni Kilifi. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nimokoka, bakteria wa nimonia na uti wa mgongo, Januari 2011, na taasisi ya utafiti ya KEMRI mjini Kilifi ilifuatilia matokeo kwa miaka. Maradhi makali ya aina za bakteria zilizomo katika chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Yakapungua pia kwa watu wazima ambao hawakudungwa kabisa, na kwa vichanga ambao umri wao wa kuchanjwa ulikuwa haujafika, kwa sababu waliokuwa wakiwaambukiza walikuwa wamekoma kubeba bakteria hao kooni. Ujuzi uliokuwa ndani ya damu ya mtoto mmoja ulimlinda babu yake.

Mfano mwingine uko kaskazini kwetu, pwani hii hii, katika mji wa Merca, Somalia. Oktoba 1977 mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, alipanda gari pamoja na wagonjwa wawili wa ndui ili awaonyeshe madereva njia. Safari ilikuwa fupi. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa kikamilifu. Alieleza baadaye kwamba aliogopa sindano. Akaugua, akapona, na hakuna mtu mwingine duniani aliyepata ndui kwa njia ya kawaida baada yake. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio Somalia, akipita kwa wazazi na kuwasimulia kisa chake. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa kazini katika kampeni hiyo, polio ilipokuwa imerudi nchini mwake. Nikisikia mtu akisema kwamba chanjo ni mambo ya watu wa mbali, humkumbuka mpishi huyu wa Merca.

Kinachonikera ni kwamba somo hili haliwafikii watoto wote wa kaunti yetu kwa usawa. Mtoto wa mjini Lamu yuko hatua chache kutoka kliniki. Mtoto wa Kizingitini, Ndau au Kiwayu anategemea bahari. Chanjo nyingi za watoto lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani mpaka kwenye paja la mtoto. Muuguzi hubeba kisanduku cha baridi chenye pakiti za barafu, hungoja boti, hungoja maji yajae, na wakati wa kusi hungoja bahari itulie. Boti ikikosa mafuta, siku ya kliniki inapita. Mama aliyetembea juani na kadi mkononi anaambiwa arudi wiki ijayo, na baada ya kurudi mara mbili bila kupata kitu, anaacha. Dozi inayopotea kwa urahisi kuliko zote ni ya pili ya surua, ya miezi 18, kwa sababu mtoto ameshakimbia na mzazi anaona kliniki imekwisha alipotimiza miezi tisa. Haijakwisha. Wenye watoto watoe kadi waziangalie leo.

Maimamu watasaidia wakilitaja hili baada ya sala ya Ijumaa, na wahudumu wa afya wa jamii wanajua nyumba zote zenye watoto. Lakini mafuta ya boti, jokofu la sola linalofanya kazi na muuguzi wa pili wa kushika zamu ni mambo ya bajeti ya kaunti, yanapigiwa kura na watu tunaowajua kwa majina. Watakapokuja tena Faza na Kizingitini kuomba kura, waulizwe siku ngapi za kliniki za visiwani ziliahirishwa mwaka uliopita kwa kukosa usafiri, na wajibu kwa tarakimu.